Vidole Vilivyolipa Siku za Jembe

Walisema sitaweza kulipa. Na waliosema hawakuwa wageni. Alisema shangazi yangu, akasema jirani wa mtaro wa juu, ngazi ya shamba iliyo juu ya yetu, na aliyesema kwa sauti kuliko wote ni mwenyekiti wa kikundi cha kulima, mjane mrefu ambaye akiita upande huu wa bonde, anaitikiwa upande wa pili. Siku niliporudi kutoka Nairobi na diploma yangu alinishika mkono, akaugeuza kiganja juu, akakisugua kwa kidole gumba.

"Tazameni," akawaambia wenzake. "Hiki ni kiganja cha kushika karatasi. Huyu ndiye wa kulipa siku ishirini na mbili za jembe? Siku ya pili tutambeba kwa machela."

Wakacheka. Mama yangu hakucheka.

Deni lenyewe halikuwa la pesa. Kwetu, kwenye miteremko iliyo chini ya Wundanyi, watu walilima kwa kikundi. Leo wote wako kwako na majembe yao, kesho wako kwa mwingine, na anayelimiwa ndiye anayepika. Ukilimiwa, unadaiwa siku. Katika miaka miwili niliyokuwa chuoni, mama alianza kuumwa nyonga, akawa hawezi kuinama. Kikundi hakikumwacha. Nyumba kumi na moja zilimlimia, kila nyumba ikampa siku mbili, kwa ahadi kwamba kijana wake akirudi atazilipa.

Sasa nilikuwa nimerudi. Nilikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kushika diploma, tena diploma ya kazi za ofisi na kompyuta wakati ambapo watu wengi hawakuwa wameiona kompyuta hata kwenye picha. Karo ya chuo niliilipa mwenyewe kwa kuosha sahani hotelini. Sikusukumwa na mjomba mkubwa wala kuandikiwa barua na mwanasiasa. Nasema haya bila haya, kwa sababu ni kweli.

Mwenyekiti alinipa masharti mbele ya mama. "Vuli ikianza, kila mtu ataingia shambani kwake apande. Kabla ya mvua hiyo tunataka siku zetu zote. Zikibaki, hata kama ni moja, mwaka huu hatuji kwa mama yako. Na mwakani tutafikiri."

"Nitamnunulia mama mahindi," nikasema.

Mama alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Mwanangu, mimi sikosi mahindi tu. Nikikosa kulimiwa, nani atakuja hapa nikilazwa? Nani atanizika?"

Hapo nikaanza kuhesabu miezi. Ilikuwa mwisho wa Julai, na vuli ingeweza kuanza wakati wowote baada ya katikati ya Oktoba.

Tatizo langu lilikuwa ajira. Nilikuwa nimeajiriwa karani katika ranchi moja ya ng'ombe upande wa Ndara, siku sita kwa wiki. Ya saba ni Jumapili, na Jumapili kule milimani hakuna anayeinua jembe. Watu wako kanisani. Kwa hiyo nilitumia akili ya msomi. Nilikwenda Voi, nikamtafuta kibarua mwenye nguvu, nikamlipa siku mbili, nikampandisha mlimani na jembe jipya.

Jioni hiyo hiyo alirudi. Jembe halikuwa hata na udongo.

"Wamekufukuza?" nikamuuliza.

"La, wamenikaribisha. Nimekula viazi, nimekunywa chai. Halafu yule mama mrefu akaniuliza, 'Wewe ni mtoto wa nyumba gani?' Nikamwambia mimi ni wa Voi, nimetumwa. Akasema, 'Basi pumzika, ukimaliza chai urudi. Mwambie aliyekutuma kwamba sisi hatukumkopesha kibarua.'"

Habari hiyo ilisambaa mlima mzima. Hata Mraru, barabara ya kwenda Taveta, nilikutana na mtu nisiyemjua akaniuliza kama ni mimi yule wa kulima kwa kutuma. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba siku hizo hazinunuliwi. Nilihitaji siku ishirini na mbili za mwili wangu mwenyewe, na mwili wangu ulikuwa wa ranchi.

Sasa niwaeleze kazi ya pale. Ranchi ilikuwa na ng'ombe zaidi ya mia nane, kila mmoja na namba sikioni. Kila mwisho wa mwezi walipimwa uzito, na mwanzoni mwa mwezi uliofuata makarani walifanya ripoti: kila ng'ombe ameongeza kilo ngapi, yupi anauzwa, yupi anasubiri. Kazi hiyo iliwachukua siku kumi na mbili za kalamu na mashine ya kujumlisha. Kompyuta ilikuwepo. Meneja aliinunua, akaikuta haina wa kuitumia, ikafunikwa kitambaa cha maua kama redio ya bibi. Ni kwa ajili yake nilikuwa nimeajiriwa.

Nilimwendea meneja nikamweleza shida yangu yote. Alikuwa mtu wa maneno machache.

"Ripoti inakula siku kumi na mbili," akasema. "Ukiimaliza kwa siku kumi, mbili ni zako, nenda ukalime. Ukiimaliza kwa saa moja, kumi na mbili ni zako. Lakini mzee aweke sahihi. Akikuta kosa, siku zote zinarudi kwangu."

Mzee ni karani mkuu, Mwislamu wa Taveta, kanzu yake safi kila Ijumaa, Kiswahili chake kimenyooka kama rula. Alikuwa ameandika vitabu vya ranchi ile tangu mimi sijaanza shule. Hakuipenda mashine, na mimi hakunichukia, ila alinifanya kitoweo cha mzaha.

"Bwana Diploma," angesema akipita, "mashine yako yaandika au yalala?"

Mwezi wa kwanza ilikuwa inalala kweli. Nilitumia programu ya kupanga namba kwa mistari na safu, ambayo siku hizi watu wanaiita lahajedwali. Sisi tulisema spredishiti. Kipanya hatukuwa nacho. Kila kitu kilipitia kibodi, na chuoni tulifundishwa wanafunzi wanne kwa mashine moja, kwa hiyo nilichojua ni mishale. Nikitaka kufika kwa ng'ombe wa mia sita, nilibonyeza mshale wa chini mara mia sita. Nikimaliza kuandika namba, nilibonyeza kitufe cha kuingiza, kisha mshale. Na kila namba niliyoingiza, mashine ilisimama kupiga hesabu za shiti nzima upya, mimi nikingoja kama mtu anayesubiri ng'ombe avuke barabara. Zaidi ya hapo, jenereta iliwashwa saa mbili asubuhi na kuzimwa saa sita kamili, kwa sababu dizeli ilikuwa ya pampu ya maji ya mifugo. Nilimaliza kwa siku saba.

Nikapata siku tano. Nililima tano mlimani, na viganja vyangu vilipasuka siku ya kwanza. Sikulia. Mwenyekiti alisimama kando ya mtaro akisema, "Jembe halina umeme, baba. Linyanyue mwenyewe." Nilipiga hesabu nikiwa nimeinama. Zilibaki kumi na saba, na miezi ya ripoti ilibaki miwili tu kabla ya vuli.

Niliporudi ranchini nilifungua kitabu cha maelekezo kilichokuja na mashine, ambacho panya walikuwa wameshakila pembeni. Humo nilikuta njia za mkato. Nawaambia, sijawahi kusoma kitu kwa njaa kama ile. Kitufe cha tano cha amri, kilichoandikwa F5, kilikuuliza unakwenda wapi. Ukiandika mahali, umefika, hata kama ni ng'ombe wa mwisho. Kitufe cha mwisho, kile kilichoandikwa End, ukikifuatisha na mshale, kilikurusha hadi chini kabisa ya orodha kwa mara moja. Mkwaju, ule mstari ulioinama (/), ulifungua menyu, na herufi moja moja baada yake ilitoa amri: nakili, panga, chapa. Na mashine iliweza kufundishwa amri fupi ya mtu mwenyewe, ukabonyeza vitufe viwili nayo ikarudia kazi uliyoipanga.

Tatizo lilikuwa mazoezi, maana umeme ulikuwa wa saa nne tu na ulikuwa wa kazi. Nikachukua katoni tupu ya dawa ya kuogeshea ng'ombe, nikaikata, nikachora juu yake kibodi yote kwa kalamu ya wino, kila kitufe na mahali pake. Kila mchana, wenzangu wakila chakula kibarazani, mimi nilipiga katoni.

"Mzee, huyu ameugua," mchungaji mmoja akamwambia karani mkuu. "Anapiga piano ya boksi."

"Mwache," mzee akajibu. "Walau boksi haliharibu hesabu."

Nilipiga mpaka vidole vikajua bila kuangalia. Kisha nikaunda amri yangu ya kwanza: niandike uzito, nayo ishuke yenyewe mstari mmoja na kusubiri unaofuata. Kwenye kibodi zile za zamani, tarakimu za upande wa kulia na mishale zilikaa kwenye vitufe vile vile, huwezi kutumia vyote kwa pamoja. Amri yangu ilimaliza ugomvi huo. Mwezi wa Septemba nilimaliza kwa siku nne. Mzee alikagua akitumia mashine yake ya kujumlisha, akatafuta kosa kama anayetafuta sindano, akakosa, akatia sahihi.

Nikalima siku nane. Zikabaki tisa.

Siku tisa kati ya kumi na mbili: maana yake ripoti ya Oktoba ilipaswa kuisha kwa siku tatu. Na ng'ombe walikuwa kambi tatu, na daftari la uzito lilitoka kambi moja kila siku, la mwisho likifika asubuhi ya siku ya tatu. Hapakuwa na nafasi ya kukohoa. Tayari mawingu yalianza kukaa juu ya milima kila alasiri, na mama alinitumia ujumbe kupitia kwa dereva wa lori la mboga: watu wameanza kuchagua mbegu.

Nilifanya jambo moja zaidi, nalo nililionea fahari sana. Niliizuia mashine isipige hesabu kila nikiingiza namba. Kitabu kilisema unaweza kuiambia ingoje. Ukimaliza kuingiza vyote, unabonyeza kitufe cha tisa cha amri, F9, na hesabu zote zinapigwa mara moja. Kasi niliyopata ilinilevya. Vidole vilikuwa vinakimbia mbele ya macho. Kambi ya kwanza niliimaliza kabla ya saa nne. Ya pili vivyo hivyo. Asubuhi ya siku ya tatu daftari la mwisho lilifika saa mbili, na saa tatu na nusu nilikuwa nimeingiza ng'ombe wa mwisho. Nikapanga orodha, nikachapa ripoti, nikaiweka mezani kwa mzee, nikapeleka nakala ya ng'ombe wa kuuzwa bomani ili wachungaji waanze kuwatenga.

"Mzee, ukimaliza kukagua utie sahihi," nikasema. "Mimi naenda getini kungoja lori."

"Haraka ya nini, Bwana Diploma?"

"Siku zangu tisa zinaanza kuhesabiwa kesho."

Nilisimama getini na jembe langu begani. Saa nne na nusu nikaona vumbi la baiskeli. Alikuwa yule mchungaji wa piano ya boksi, anacheka hadi anayumba.

"Rudi! Mzee anakuita. Umemuuza namba mia nne na kumi na saba."

"Kwani ana nini?"

"Aliliwa na simba mwezi uliopita! Tulizika pembe tu. Wewe umeandika ameongeza kilo kumi na yuko tayari kwa soko. Mnunuzi atampeleka wapi, kwa simba amdai?"

Nilipanda nyuma ya baiskeli, na njia nzima nilihesabu dakika. Jenereta ingezimwa saa sita. Kuchapa peke yake kulichukua karibu nusu saa. Na kama nilikosea kuingiza namba, basi sikujua nimekosea wangapi, na kuwapitia zaidi ya mia nane ilikuwa kazi ya siku mbili. Siku mbili zikitoka kwenye tisa, ni nyumba moja haijalipwa. Ikiwa nyumba moja haijalipwa, hawaji kwa mama.

Mzee alikuwa amekaa na ripoti, kidole kikiwa juu ya namba ile. Hakucheka.

"Mimi sijamwambia meneja bado," akasema. "Una hadi saa sita. Baada ya hapo nitaandika nilichokiona."

Niliketi saa tano kasoro robo. Nikabonyeza kitufe cha kwenda, nikaandika mahali pa mia nne na kumi na saba. Uzito wake nilikuwa nimeuandika sifuri, sawasawa kabisa. Lakini safu ya matokeo, mbele yake, ilisema auzwe. Nikatazama wa juu yake, nikatazama wa chini yake. Uzito wa mwezi huu, matokeo ya mwezi uliopita. Jasho lilinidondoka kwenye kibodi.

"Mashine imeharibika?" mzee akauliza.

Nilikuwa nimeona, chini kabisa ya kioo, alama ndogo ambayo ilikuwepo tangu juzi, ikinikumbusha jambo ambalo vidole vyangu vyepesi havikuwa na muda nalo. Sikuwa nimebonyeza kitufe cha tisa. Niliiambia mashine ingoje, nayo ilinitii siku tatu nzima.

Nikakibonyeza. Neno la kusubiri likaanza kuwaka na kuzima kwenye pembe ya kioo. Likawaka. Likawaka. Nje nilisikia jenereta ikikohoa.

"Mwambieni wa jenereta asiizime!" nikapiga kelele.

Mchungaji alitoka mbio, akarudi. "Anasema saa sita ni saa sita. Ng'ombe wanataka maji, hawataki karatasi."

Saa tano na dakika tano neno lile likapotea. Mia nne na kumi na saba akaondoka kwenye soko. Sasa ilibidi orodha yote ipangwe upya. Hapa ndipo nilipoona katoni ilinifunza nini: mkono mmoja ulikwenda kwenye mkwaju, wa pili ukarusha hadi mwisho wa orodha, herufi, herufi, herufi, na nilikuwa namtazama mzee wakati vidole vinafanya. Dakika mbili. Kwa mishale ningekuwa bado nashuka.

"Nitajie ng'ombe kumi unaowataka," nikamwambia mzee. "Popote. Kagua kwenye kioo kabla sijachapa."

Akataja namba. Kila aliyetaja nilimrukia, naye akapiga hesabu yake kwa mkono. Wa kwanza sawa. Wa pili sawa. Wa saba alikaa naye muda mrefu, akafuta, akapiga tena, mimi nikitazama saa ya ukutani. Saa tano na dakika ishirini na tano.

"Mzee, tafadhali."

"Hesabu haina tafadhali, mwanangu." Akainua macho. "Ni sawa. Kosa lilikuwa langu. Chapa."

Printa ilianza. Ilikuwa na kelele kama mashine ya kusaga, na ilikwenda polepole kama kobe. Tulisimama wote watatu tukiitazama ikitoa karatasi, ukurasa baada ya ukurasa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa katikati ya mistari jenereta ilipobadilisha sauti, ile sauti ya kushuka. Mstari wa mwisho ulipigwa, karatasi ikasogea, taa ikafa.

Mzee aliichana mwenyewe. Akasoma jumla ya chini, akalinganisha na daftari, akatoa kalamu kwenye mfuko wa kanzu, akatia sahihi. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia.

"Kesho kutwa ukirudi kutoka huko kwenu, unifundishe kile kitufe cha kuruka. Macho yangu yamechoka kushuka mstari mmoja mmoja."

"Nitarudi baada ya siku tisa, mzee."

"Haya, tisa. Boksi lako liache hapa."

Nilipanda mlimani jioni ile. Orodha mpya wachungaji waliipokea bomani, wakawarudisha ng'ombe niliokuwa nimewatenga kwa makosa, na meneja hakuniambia lolote isipokuwa, "Tarehe kumi na tano uwe hapa."

Siku tisa hizo nililima nikiwa na hofu ya wingu. Kila alasiri lilishuka, kila asubuhi liliondoka. Siku ya nne yalianguka matone, watu wote mtaroni wakasimama na kutazama juu, mimi pekee nikaendelea kuchimba kama mwehu. Shangazi yangu akasema, "Mwacheni, anashindana na Mungu." Matone yakakoma. Siku ya sita, ya saba, ya nane. Mgongo wangu ulikuwa unaniambia mambo, lakini sikuusikiliza.

Siku ya tisa ilikuwa ya nyumba ya mwisho, nayo ni ya mwenyekiti mwenyewe. Alinipa mtaro wa chini kabisa, wenye mawe. Nadhani alifanya makusudi. Niliyatoa mawe yale moja moja, nikayapanga ukingoni, nikalima hadi kona ambayo watu huiruka. Saa kumi jioni nilifikia mwisho, nikasimama nimeegemea jembe.

Alikuja, akatembea mtaro wote kuanzia juu hadi chini. Akaokota donge moja, akalivunja. Kisha akaita kwa ile sauti yake, nyumba moja baada ya nyingine, zote kumi na moja, na kutoka kwenye mitaro wenye nyumba wakaitikia mmoja mmoja kwamba amelipa. Aliyechelewa kuitikia alimrudia, kwa sababu hakutaka kuandikiwa kitu na mtu yeyote; alitaka kusikia kwa masikio yake. Shangazi yangu aliitikia wa mwisho.

"Basi," mwenyekiti akasema. "Jumatatu asubuhi sote tuko kwa mama yako. Kabla ya jua."

Nilishuka nikamkuta mama mlangoni. Alikuwa amesikia kila kitu, kama bonde zima. Hakunipongeza. Alikuwa ameinua kifuniko cha debe la maharagwe, anatazama ndani, anajiuliza kama yatatosha watu wa nyumba kumi na moja.